Kupika Kutoka Bustanini: Jinsi ya Kulisha Familia kwa Mboga Ulizootesha Mwenyewe

Anayenunua mboga huanza na pishi kichwani, kisha huenda kutafuta vitu vyake. Mwenye bustani hana uhuru huo, kwa sababu kinachoamua mlo wake ni kilichoiva. Wiki hii mamumunye yamemzidi, nyanya bado mbichi, na mchicha usipokatwa leo utatoa maua. Akipanga mlo kama mnunuzi, mboga zitaozea tutani huku familia ikila vitu vya kununua. Hilo hutokea hata kwenye nyumba zenye bustani za kupendeza, na linauma, maana kazi ngumu ya kulima, kumwagilia na kupalilia imeshafanyika. Kilichobaki ni kugeuza mpangilio tu: tazama bustani kwanza, chagua namna ya kupika, kisha ndipo ufikirie chakula kitaitwaje.

Hatua ya 1: Pita bustanini kabla ya kupanga mlo

Pita asubuhi, jua halijawa kali. Wakati huo majani yamejaa maji na yamesimama imara. Yakivunwa saa hizo hukaa muda mrefu zaidi bila kunyauka. Ukishindwa asubuhi, vuna jioni jua linapopoa. Mchana wa jua kali si wakati wa kuvuna majani.

Unapopita, panga mboga kichwani kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kuliwa leo: majani laini, njegere, mahindi mabichi na bamia zilizofikia ukubwa wake. Njegere na mahindi mabichi zina haraka yake, kwa sababu sukari iliyomo huanza kugeuka kuwa wanga mara zinapochumwa. Ndiyo maana njegere iliyochumwa na kupikwa saa hiyo hiyo ina utamu ambao huwezi kuununua. Fungu la pili linaweza kungoja siku mbili tatu: maharage mabichi, matango, pilipili hoho, mabilinganya, nyanya zilizoanza kuwa nyekundu. Fungu la tatu ni akiba: maboga yaliyokomaa, vitunguu, viazi, na karoti ambazo bado ziko ardhini.

Mlo wa leo uanzie fungu la kwanza, halafu fungu la pili lijazie. Fungu la tatu liachie siku ambayo mvua imenyesha kutwa au umerudi umechoka na huna hamu ya kuinama kwenye matuta.

Hatua ya 2: Vuna kwa namna itakayouacha mmea uendelee kuzaa

Mtu anayelisha familia kwa bustani ndogo hawezi kung'oa ovyo. Sukuma wiki, spinachi za majani makubwa na letusi za majani yaliyoachana huvunwa kwa kukata majani ya nje na kuacha ya katikati yakue. Acha angalau majani manne au matano madogo kwenye kila shina, nalo litakulisha wiki hadi wiki. Mchicha ukate ncha. Chini ya pale ulipokata patachipuka matawi mawili au zaidi, na mavuno yajayo yatakuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mrihani nao ukatwe hivyo hivyo kabla haujatoa maua.

Mimea inayozaa matunda, kama bamia, tango, mumunye na maharage mabichi, hutaka kuchumwa mara kwa mara, walau kila baada ya siku mbili. Tunda moja likiachwa likomae na kujaa mbegu, mmea huona kazi yake imekwisha na hupunguza kuzaa. Bamia ichume ikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Ikizidi hapo huwa na nyuzi hata uipike namna gani. Mumunye ni tamu likiwa na sentimita 15 hadi 20, ngozi yake bado inachomeka kwa ukucha. Maharage mabichi yaliyo tayari hukatika kwa mlio ukiyakunja.

Vipo pia vyakula ambavyo wengi huviacha vikiwa vimesimama palepale. Majani machanga ya maboga ni mboga nzuri, ukimenya kwanza nyuzi za nje kwenye vikonyo vyake. Majani ya viazi vitamu, ya figili na ya bitiruti yanaliwa yote. Maua ya boga nayo yanaliwa: chuma ya kiume, yale yenye kikonyo chembamba kisicho na kiboga kidogo chini ya ua, na uache machache ili nyuki wapate chavua ya kupeleka kwenye ya kike.

Hatua ya 3: Jua kisichoingia sufuriani

Majani ya viazi mviringo si mboga, na ya nyanya yaache vilevile. Kiazi mviringo kilichokaa kwenye mwanga na kugeuka kijani kina sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kikiwa na doa dogo la kijani, kata sehemu hiyo kwa kina. Kikiwa kijani kwingi au kina uchungu, tupa.

Mumunye, boga au tango lenye uchungu mkali usio wa kawaida lisiliwe hata kidogo. Uchungu huo unatokana na kemikali ya asili ya jamii hiyo ya mimea, na moto hauiondoi. Hutokea zaidi kwa mimea iliyoota yenyewe kutokana na mbegu za msimu uliopita, kwa hiyo onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, kisha ukiteme kikiwa kichungu.

Kama umepulizia dawa ya wadudu, soma lebo: kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo hazipunguzwi na kuosha. Na kama unatumia samadi mbichi, kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mazao yanayogusa udongo, kama karoti na letusi, na siku 90 kwa yasiyogusa. Kwangu hiyo ni kanuni nzuri ya kufuata popote, hasa mboga zikiliwa mbichi na watoto. Samadi iliyooza vizuri kwenye lundo la mboji ina hatari ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Chambua, osha, weka

Chambua nje ikiwezekana. Udongo, mizizi na majani yaliyooza yabaki huko huko kwenye mboji. Jani lenye matundu ya wadudu halina ubaya wowote. Jani lenye utelezi au ukungu ndilo la kutupa.

Majani yaoshe kwenye beseni kubwa lenye maji mengi: yazamishe, yatikise, uyaache kidogo mchanga utue chini, kisha yatoe majani kwa mikono. Usimwage maji pamoja na majani kwenye chujio, maana utaurudisha mchanga wote juu yake. Rudia mpaka chini ya beseni pasibaki chembe, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Sabuni haihitajiki. Majani yaliyonyauka huamka yakikaa kwenye maji baridi kwa dakika 15 hadi 30.

Kama huyapiki saa hiyo, yakaushe, yafunge kwenye kitambaa kisafi na uyaweke kwenye jokofu. Karoti na bitiruti zikate majani yake mara tu baada ya kung'oa, kwani huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi na kuuacha ukiwa laini. Nyanya zikae nje ya jokofu mpaka ziive sawasawa. Baridi hupunguza ladha yake. Vitunguu na viazi vikae penye hewa na giza, lakini visikae pamoja.

Hatua ya 5: Kadiria kiasi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na vyakula vingine vya wanga visihesabiwe. Familia ya watu wanne inahitaji basi kilo 1.6 kwa siku, kwa milo yote. Ukitoa matunda, kwa mlo mmoja mkubwa mimi hukadiria gramu 200 za mboga mbichi kwa kila mtu mzima.

Majani yana hesabu yake. Nusu kilo ya spinachi mbichi inajaza beseni, lakini ikishapikwa hubaki kikombe kimoja hivi. Ukiona sufuria imefurika majani mpaka kifuniko hakifungi, bado huenda hayatoshi watu wanne. Njia nzuri ni kuyachanganya na kitu kisichosinyaa: maharage, viazi, boga, karoti. Hapo ndipo bustani ndogo inaweza kulisha watu wengi.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kupika

Huhitaji mapishi mia. Ukizijua vizuri namna tano, utaweza kupika chochote kitakachotoka tutani.

Kuunga ndiyo namna ya kila siku, na ndiyo inayoharibiwa sana kwa haraka. Kwa majani ya watu wanne, tenga vikonyo na majani, ukate vikonyo vidogo vidogo. Pasha vijiko viwili vya mafuta, tia kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa pamoja na chumvi kidogo, moto wa wastani. Kipe dakika tano hadi nane, mpaka kilegee na kianze kugeuka rangi pembeni. Tia kitunguu saumu na uhesabu nusu dakika tu; kikiungua huleta uchungu unaobaki mpaka mwisho. Sasa tia nyanya mbili zilizokatwa. Koroga, ponda kwa mwiko, na usiondoke. Mwanzoni zitatoa maji na sauti ya kuchemka. Baadaye sauti itabadilika iwe ya kukaanga, rojo litakuwa zito, na utaona mafuta yakijitenga pembeni mwa sufuria. Mpaka uone mafuta hayo, nyanya haijaiva, na mboga yoyote utakayotia itakuwa na ukali wa nyanya mbichi.

Tia vikonyo kwanza, dakika tatu. Kisha majani kwa mafungu, ukigeuza kila fungu mpaka lisinyae kabla ya kutia jingine. Usiongeze maji, yale yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Spinachi na mchicha mchanga huiva kwa dakika mbili hadi nne, sukuma wiki na kabichi huchukua saba hadi kumi. Epua majani yakiwa bado kijani, maana joto la sufuria litaendelea kuyapika. Asidi ya nyanya hufifisha rangi ya kijani. Siku unayotaka rangi ing'ae, acha nyanya, unga kwa kitunguu peke yake, na ukamulie limau mezani. Limau hilo lina faida nyingine: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Mafuta nayo yasikosekane kabisa, kwa sababu ile rangi ya njano na chungwa ya karoti, boga na majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa pamoja na mafuta.

Mchuzi mzito ni wa siku una kidogo cha kila kitu. Anza na rojo lile lile la kitunguu na nyanya, kisha fuata ugumu wa mboga: viazi na karoti kwanza, baada ya dakika 15 maharage mabichi na bilinganya, baada ya nyingine tano mumunye na njegere, majani mwisho kabisa. Ukitia vyote kwa pamoja utapata viazi vigumu ndani ya uji wa mumunye.

Kuoka hufaa boga, karoti, bitiruti, bilinganya na pilipili hoho. Kata vipande vinavyolingana, vikaushe, vipake mafuta na chumvi, vitandaze bila kupandana, oveni nyuzi 200 hadi 220 za Selsiasi, dakika 25 hadi 40. Vikipandana vitachemka kwa mvuke wake na havitapata ile ngozi ya kahawia yenye utamu. Kama huna oveni, kikaango kizito chenye moto mkali kinafanya kazi hiyo kwa mafungu madogo. Bamia hupendeza kwa njia hii pia: ikauke kabisa kabla ya kukatwa, na utelezi utapungua sana.

Supu inameza ziada. Kitunguu, karoti, boga au mumunye, maji ya kufunika mboga tu, dakika 20 hadi 25, ponda, onja chumvi.

Kwa mboga mbichi, letusi, tango, figili na nyanya zilizoiva hazitaki kitu zaidi ya mafuta, limau au siki, na majani ya dhania. Chumvi itiwe dakika ya mwisho, kwani huvuta maji kutoka kwenye mboga na kuilegeza.

Hatua ya 7: Ongeza kinachoshibisha

Sahani ya mboga peke yake haimfikishi mtoto jioni. Mayai yaliyovunjwa juu ya mboga iliyoungwa, sufuria ikafunikwa dakika tano hadi sita mpaka ute na kiini vigande, ni mlo kamili pamoja na mkate au wali.

Maharage makavu yanahitaji uangalifu. Yale mekundu yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na huharibiwa kwa mchemko mkali tu. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemshe kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10, ndipo upunguze moto. Mimi huyaacha kwenye mchemko mkali nusu saa nzima. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole haifai kwa hatua hii, kwa kuwa huenda isifikie joto linalotakiwa. Nyanya, limau na siki visubiri mpaka maharage yalainike, vinginevyo yatabaki magumu na utamaliza kuni au gesi bure.

Hatua ya 8: Shughulikia ziada kabla haijawa mzigo

Kuna wiki bustani itatoa zaidi ya tumbo la familia. Ikifika, toa saa moja siku hiyo hiyo, usingoje mboga zichoke.

Kama una friza, chovya kwanza mboga kwenye maji yanayochemka: majani dakika 2, maharage mabichi dakika 3, vipande vya karoti dakika 2, njegere dakika moja na nusu. Zitoe moja kwa moja kwenye maji baridi sana, zichuje, zikaushe, uzigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchovyo huo huzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha hata ndani ya barafu. Nyanya hazihitaji kuchovywa: pika rojo jingi kwa mara moja na uligandishe kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. Siku ya haraka, nusu ya kazi ya kuunga itakuwa imeshakwisha.

Pilipili huanikwa penye hewa mpaka zivunjike mkononi. Zikipinda tu, bado zina unyevu na zitaota ukungu ndani ya chupa. Vitunguu vilivyong'olewa vikae wiki mbili hadi tatu kivulini penye upepo hadi shingo zikauke. Boga livunwe na kikonyo chake. Likivunjika pale, huoza haraka.

Kwa mboga za chupa, kuwa mkali na nafsi yako. Mboga zisizo na asidi, kama maharage mabichi na karoti, zikifungwa kwenye chupa na kuchemshwa kwa maji ya kawaida zinaweza kukuza bakteria wa botulini, ambao sumu yao huua na haionekani wala kunukia. Bila chombo maalumu cha mvuke wa shinikizo na maelekezo yaliyothibitishwa, usijaribu. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta nacho kina hatari hiyo hiyo: kaa nacho kwenye jokofu siku chache tu, au kigandishe.

Chakula kilichobaki mezani kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na kikipashwa moto kifike nyuzi 70 au zaidi hadi katikati.

Hatua ya 9: Acha sufuria iipangie bustani msimu ujao

Weka daftari jikoni. Kila mwisho wa wiki andika mistari miwili: mboga gani ilibaki bila kuliwa, na mboga gani ilibidi ununue. Baada ya msimu mmoja utaona mambo ambayo macho peke yake hayaoni. Pengine una mashina manne ya mumunye wakati familia inatoshwa na mawili. Pengine watoto hawagusi bilinganya lakini njegere huzila hapo hapo bustanini, kabla hazijafika jikoni. Panda wanachokila, na waache wachume wenyewe. Mtoto aliyevuna karoti ana hamu ya kuionja.

Letusi, figili na mchicha usizipande zote siku moja. Panda mstari mfupi kila baada ya wiki mbili ili upate kidogo kila mara badala ya lundo mara moja. Kitunguu kihesabu tofauti, maana karibu kila pishi la hapa linaanza nacho. Kama unatumia kitunguu kimoja kwa siku, unahitaji 30 kwa mwezi. Vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 10, hiyo ni mita 3 za mstari. Miezi minne ya kuunga mboga inahitaji mita 12, na ongeza moja au mbili kwa ajili ya vitakavyooza.